Zima Umeme Kwanza, Ndipo Ufunge Chombo



Katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za malaria, za maji safi ya kunywa, za kuvaa kaske na bote. Leo ninataka kusema nawe juu ya umeme. Najua wako watakaouliza: "Mganga msaidizi wa dispanseri anajua nini juu ya umeme? Abaki na sindano zake, awaachie mafundi tablo yao." Ni swali la haki. Mimi nilisomea matibabu katika shule ya ufundi, sikusomea umeme. Lakini fundi wa umeme akiungua hapelekwi kwa fundi mwenzake. Analetwa kwangu. Kwa sababu hiyo niliwaomba mafundi wetu wanionyeshe kazi hii hatua kwa hatua. Nilisimama nao mbele ya tablo, nikauliza maswali mengi ya mtu asiyejua, nao wakanijibu kwa uvumilivu. Haya ninayoyaandika yametoka kwao, na mengine yametoka kwenye kitanda cha wagonjwa.

Chombo ninachotaka kukitaja ni kile kisanduku kidogo chenye nyaya za rangi mbalimbali, ambacho hufungwa kwenye tablo ya umeme na kuachwa hapo siku nyingi kikiandika hali ya umeme mchana na usiku. Mafundi hukiita rekoda. Mimi nitakiita kinasa-umeme. Neno langu juu yake ni moja tu: kisifungwe wala kisifunguliwe juu ya umeme unaowaka. Zima kwanza. Nitakueleza kwa nini ninashika neno hili kwa mikono miwili.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, nikiwa bado kijana wa mazoezi ya kazi, nilitumika katika dispanseri ya kinu kimoja cha kusaga mawe. Sitataja mahali wala wenyewe. Taa za kinu zilikuwa zikififia kila mara mota kubwa ilipoanza, na mota mbili zilikuwa zimeungua mwaka uleule. Wakubwa wakaazima kinasa-umeme ili wajue ugonjwa uko wapi. Hapo walifanya vyema.

Siku ya kukifunga, fundi aliyepewa kazi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Aliuliza kama kinu kitasimamishwa. Akajibiwa kwamba kinu hakiwezi kusimama, kwa kuwa mawe ya wiki ile yalikuwa yamechelewa. Basi akafungua tablo yenye umeme wa volti 380 na kuanza kubana vibanio kwenye vyuma vya shaba visivyovikwa. Cha kwanza kikashika. Cha pili kikashika. Cha tatu kikateleza mkononi na kugusa chuma cha pili pamoja na ukuta wa tablo.

Sisi katika dispanseri tulisikia mshindo kama wa baruti. Walipomleta, uso wake ulikuwa mwekundu na nyusi zimeteketea, na mkono wa kuume sitaueleza hapa, maana wako wanaosoma gazeti hili wakiwa mezani. Mvua ilikuwa inanyesha na gari halikuweza kupita mlimani. Wanaume wanane walimbeba kwenye kipoyi mpaka barabara kubwa, nami nikienda kando yao nimeshika chupa ya maji ya mshipa juu. Aliishi, Mungu ashukuriwe. Lakini alipoteza vidole vitatu, na fundi wa umeme asiye na vidole vitatu vya mkono wa kuume amepoteza kazi yake.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kinasa-umeme kile kilikuwa kikae pale siku saba. Baada ya siku saba, karatasi zake zingepelekwa mjini zikasomwe na mtu anayezijua. Majibu yangerudi baada ya wiki nyingine. Katika kazi yote ile hapakuwa na jambo hata moja lililodai haraka. Mtu anayeweza kungoja majibu wiki mbili anashindwaje kungoja nusu saa tablo izimwe?

SIKATAI CHOMBO CHENYEWE

Usidhani kwamba ninakichukia kinasa-umeme. Ninakipenda, maana kazi yake inafanana na yangu. Mgonjwa wa homa akija, nikipima joto lake mara moja tu sijui mengi. Nikilipima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa na kuandika kwenye karatasi ya kitandani, ninaona homa inapanda lini na inashuka lini, na hapo nauona ugonjwa. Umeme nao una homa zake. Fundi akipima kwa kipimo cha mkononi saa nne asubuhi, anaweza kuona kila kitu ni sawa. Ubaya hutokea saa nane usiku, mota ya pampu inapoanza.

Kwa hiyo kanuni za mataifa juu ya upimaji huu hutaka chombo kikae angalau wiki nzima, na huhesabu wastani wa volti kwa kila dakika 10. Chombo kinaandika volti zikianguka na zikipanda. Kinaandika mkondo wa kila fazi, na kinaandika mawimbi ya umeme yaliyochafuka kwa sababu ya mashine za kielektroniki zinazoongoza mwendo wa mota. Umeme uliochafuka huzipasha mota joto, na huupasha joto hata waya wa nyutro ambao wengi hudhani hauna kazi.

Sisi tunaotumika huku Masisi na Walikale tunakihitaji chombo hiki kuliko watu wa mijini. Umeme wa maji wa Ruzizi, na ule wa Matebe uliojengwa kwa ajili ya upande wa Goma na Rutshuru, haukufika katika migodi ya ndani ya Walikale. Huku tunaishi kwa jenereta za mazutu. Mota kubwa ikianza moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba kuliko ule wa kazi yake ya kawaida, na jenereta ni kama punda: ukimwongezea mzigo kwa ghafula anapiga magoti. Volti zikianguka, feni ya kuingiza hewa chini ya mgodi inalegea. Pampu ya maji inasimama. Hata friji ya chanjo hapa dispanseri, ambayo lazima ibaki kati ya digrii 2 na 8, inapata shida. Kwa hiyo tupime. Lakini tupime bila kumchoma mtu.

HATARI IKO WAPI

Kinasa-umeme kikiisha kufungwa vizuri na mlango wa tablo kufungwa, hakina neno. Hatari iko katika saa mbili tu: saa ya kukifunga na saa ya kukifungua. Ndizo saa ambazo mlango wa tablo uko wazi na mikono ya mtu iko ndani. Fundi anapopita mbele ya tablo iliyofungwa kila siku, shaba imejificha nyuma ya chuma. Anapofunga kinasa-umeme, anakwenda mwenyewe kuitafuta ile shaba.

Tuuhesabu mwili wa mtu. Umeme wa miliampea 1 mtu anauhisi tu. Ukipita miliampea 10 hivi, misuli ya mkono inajikaza na mtu hawezi tena kuachia alichoshika. Karibu na miliampea 30 hatari ya pumzi na ya moyo inaanza, na ndiyo maana swichi nyingi za kuwakinga watu zimetengenezwa zikate kwenye kiasi hicho. Sasa chukua mtu aliyelowa jasho au mvua. Kizuizi cha mwili wake kinaweza kushuka mpaka omu 1,000 hivi. Volti 220 ukizigawa kwa 1,000 unapata miliampea 220. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya kile kiasi cha hatari. Moyo unaopitiwa na umeme wa namna hiyo unaweza kuacha kupiga na kubaki ukitetemeka tu bila kusukuma damu. Na huku kwetu, ndugu, ni lini ambapo mtumikaji hakulowa?

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaijui: mtu anaweza kuungua bila kuguswa na umeme hata kidogo. Kibanio kikiunganisha fazi mbili, au fazi na ukuta wa tablo, hewa yenyewe inawaka. Joto lake hufikia maelfu ya digrii, na shaba iliyoyeyuka hurushwa usoni. Ndivyo alivyoungua yule kijana wa kinu.

Hatari ya tatu inatoka mbinguni. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa hesabu ya radi za dunia nzima zilizoonwa na satelaiti kwa miaka mingi. Mahali pa kwanza palikuwa Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili duniani, na pa kwanza katika Afrika, palikuwa Kabare, jirani yetu wa Kivu ya Kusini, penye mapigo zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Na Sake, mji wetu wa Masisi, nao ulikuwa katika orodha ya mahali palipozidi kwa radi. Sasa fikiri: radi ikipiga nyaya mbali nawe, pigo lake linakimbia ndani ya nyaya mpaka kwenye tablo, likiwa na volti nyingi sana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mtu aliyeshika nyaya za kupimia wakati huo hana pa kujificha.

Kwa sababu hii vyombo vya kupimia huandikwa daraja lake, kwa herufi CAT na tarakimu ya Kirumi. CAT II ni cha soketi za nyumbani na ofisini. CAT III ni cha tablo za kugawia umeme ndani ya jengo. CAT IV ni cha mahali umeme unapoingilia, pale nyaya za nje zinapofika. Pamoja na hiyo huandikwa volti zake. Chombo cha CAT II kikifungwa kwenye tablo kuu, pigo la radi linaweza kukipasua mbele ya uso wako. Tazama maandishi hayo kwenye chombo, na uyatazame pia kwenye nyaya na vibanio vyake, maana mara nyingi chombo ni cha daraja la juu na nyaya ni za kuokoteza sokoni.

MANENO NINAYOYASIKIA

La kwanza: "Kazi haiwezi kusimama." Mwezi wa Machi 2025 vita ilipokaribia, mgodi mkubwa wa bati wa Bisie, hapa Walikale, ulisimamisha kazi na watu wakaondolewa. Mwezi wa Aprili kazi ikaanza tena kidogo kidogo. Je, bati ilikimbia? Ilibaki mlimani ikingoja, kama ilivyongoja tangu dunia ilipoumbwa. Ikiwa mgodi mzima uliweza kusimama kwa majuma ili watu wasife, tablo moja inaweza kusimama dakika arobaini kwa sababu iyo hiyo. Tena mashine husimama mara ngapi kwa mwezi kwa ajili ya kubadili mafuta na mikanda? Kinasa-umeme kifungwe siku hiyo.

La pili: "Mimi ni fundi wa miaka ishirini, sijapata ajali." Nakuheshimu, baba. Lakini kibanio hakijui umri wa fundi. Na kijana anayekusaidia anatazama mikono yako. Leo wewe unafunga juu ya umeme kwa ustadi wa miaka ishirini. Kesho yeye atafunga vilevile kwa ustadi wa miezi miwili.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi: "Ajali haina kinga." Mithali hii watu huitaja msibani ili kumfariji aliyefiwa, na hapo ni neno jema. Katika karakana haina nafasi. Yule kijana wa kinu ajali yake ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa swichi iliyokuwa umbali wa hatua tano.

Sisemi kwamba umeme wote unaweza kuzimwa wakati wote. Feni ya hewa ikiwa na watu chini ya mgodi haizimwi. Chumba cha upasuaji hakizimwi daktari akiwa kazini. Lakini feni inazimwa watu wakiwa wametoka, na hospitali ina saa zake za utulivu. Panapobaki kabisa kwamba haiwezekani, ruhusa iandikwe na kutiwa sahihi na mkubwa mwenyewe, na kazi ifanywe na fundi aliyefunzwa kazi hiyo, mwenye vyombo vyote vya kujikinga. Nimegundua jambo moja: mkubwa anayesema kwa mdomo "fungeni tu" hufikiri mara mbili akipewa kalamu.

JINSI YA KUFANYA

Haya ndiyo niliyofundishwa na mafundi wetu. Yabandike kwenye ukuta wa karakana.

1. Kazi hii ni ya fundi wa umeme aliyefunzwa. Si ya msaidizi, si ya dereva wa jenereta, wala si ya mganga. Na asiwe peke yake. Awepo mwenzake anayejua swichi kuu iko wapi na anayejua kusukuma kifua.

2. Kabla ya kufungua tablo, kubalianeni ni nini kitapimwa, chombo kitakaa wapi na nyaya zake zitapita wapi. Tazama daraja la chombo. Tazama kila waya: ukiwa umepasuka au umefungwa kwa plasta, utupe. Nyaya za volti ziwe na fyuzi zake.

3. Tazama mbingu. Kama ngurumo zinasikika, acha mpaka zipite.

4. Vua saa, pete na mnyororo wa shingoni. Vaa bote kavu, nguo za pamba za mikono mirefu, ngao ya uso iliyotengenezwa kwa moto wa umeme, na glavu za mpira za umeme zenye glavu za ngozi juu yake. Pulizia hewa ndani ya glavu za mpira na kuzikunja kabla ya kuzivaa: zikivuja, hazifai. Simama juu ya mkeka wa mpira, si juu ya matope.

5. Zima. Kisha funga swichi kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo uwe mfukoni mwako, na utundike kibao: MTU YUKO KAZINI. Kumbuka kwamba migodini tuna jenereta zaidi ya moja. Umezima ya kwanza. Je, ya pili haiwezi kujiwasha yenyewe? Betri na paneli za jua je? Kila mlango wa umeme ufungwe.

6. Ngoja. Kondensa na mashine za kuongoza mota huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Soma kibandiko cha mashine. Nyingi hudai dakika tano au zaidi.

7. Hakikisha umeme umekufa. Pima kwanza kipimo chako mahali unapojua pana umeme. Kisha pima fazi zote, nyutro na ardhi za tablo. Kisha rudi upime tena pale penye umeme. Kipimo kilichoharibika nacho huonyesha sifuri.

8. Ingiza nyaya kwenye chombo kwanza, ndipo uzifunge kwenye tablo. Anza na waya wa ardhi, kisha nyutro, kisha fazi moja moja. Vibano vya kupimia mkondo, au ile mikanda laini, vizungushe kwenye nyaya zilizovikwa, mshale ukielekea upande wa mashine inayotumia umeme. Kama tablo ina transfoma ndogo za kupimia mkondo, usiachanishe kamwe nyaya zake za upili wakati mkondo unapita: huzaa volti za kuua.

9. Vuta kila kibanio taratibu uone kama kimeshika. Pitisha nyaya mahali ambapo mlango hauzikati, ufunge mlango, ondoa vyombo vyote, hesabu watu. Ndipo uondoe kufuli na kuwasha umeme, ukiwa umesimama kando ya tablo, si mbele yake.

10. Mlango usipofungika kabisa, weka uzio na kibao kwa siku zote saba. Watoto wa kambi ni wadadisi, na mafagio ya watu wa usafi hayajui umeme.

11. Siku ya kuondoa chombo, rudia yote tangu mwanzo. Wengi huzima siku ya kufunga, lakini siku ya kufungua huchomoa tu, maana kazi imekwisha na akili iko nyumbani. Zima tena. Ondoa fazi kwanza, kisha nyutro, waya wa ardhi uwe wa mwisho.

AJALI IKITOKEA

Usimguse mtu aliyeshikwa na umeme. Zima kwanza. Mwaka 2022, tarehe 2 Februari, waya wa umeme mkubwa ulikatika na kuanguka katika soko la Matadi Kibala, Kinshasa, mahali palipokuwa na maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa sokoni. Umeme unapita majini na katika miili, na mwokozi mwenye haraka huwa maiti ya pili.

Umeme ukiisha kuzimwa, mwite. Kama hajibu wala hapumui, anza kusukuma kifua mara moja: katikati ya kifua, kwa mikono miwili, kina cha sentimeta tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila misukumo 30, mpe pumzi mbili kama umefunzwa. Usisubiri nifike. Ubongo usiopata damu huanza kufa ndani ya dakika chache, nami kutoka dispanseri mpaka kinu natembea dakika kumi.

Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wa muhogo wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, mlete.

Na mlete hata akisema amepona. Umeme unaingia mahali pamoja na kutokea pengine, na njiani unapika nyama ya ndani bila ngozi kuonyesha. Mtu anaweza kuwa na alama ndogo kama ya sigara kidoleni, na kesho yake mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hapo figo ziko hatarini, na huyo ni mgonjwa wa hospitali kubwa. Wewe unajua barabara yetu kutoka Walikale kupitia Nyabiondo na Masisi mpaka Sake wakati wa mvua. Unakumbuka pia kwamba Januari 2025, Goma ilipotekwa, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Mji mkubwa una daktari wa moto na mashine ya kusafisha damu. Sisi tuna kipoyi na mabega ya ndugu zetu. Mtu aliye mbali na hospitali hana ruhusa ya kucheza na tablo.

NINALOLIOMBA

Kwa wakubwa wa kampani nina ombi moja la kweli. Siku ya kusimamisha mashine kwa matengenezo makubwa, mafundi waweke kwenye kila tablo kubwa soketi za kupimia za kudumu, zenye fyuzi, upande wa nje wa mlango. Vyombo vya namna hii vipo. Baada ya hapo, volti zitapimwa bila mtu kufungua mlango wala kuigusa shaba. Gharama yake nimewauliza mafundi. Ni ndogo mbele ya mota moja iliyoungua. Gharama ya vidole vitatu sijui nani anaweza kuihesabu.

Kwa makapita: mkiambiwa "fungeni tu", ombeni karatasi.

Na wewe kijana uliyetoka shuleni juzi, unayeogopa kusema hapana mbele ya wazee: njoo dispanseri siku yoyote baada ya saa nane. Nitakuonyesha namna ya kusukuma kifua, bure, juu ya gunia la mchanga. Ukiambiwa uingize mkono kwenye tablo inayowaka, sema kwa adabu: "Baba, tuzime kwanza." Wakikucheka, wakucheke. Utaenda nyumbani jioni na vidole kumi, uwashikie watoto wako chakula.